Mpaka wa Uwezo wa Mtu

Kila binadamu hubeba moyoni hesabu moja ambayo hakufundishwa darasani. Ni hesabu ya kugawa mambo katika mafungu mawili: fungu la mambo yatokanayo na matendo yake mwenyewe, na fungu la mambo yamjiayo kutoka nje. Mwanafunzi akifaulu mtihani husema, "Nilijitahidi", akishindwa husema, "Maswali yalikuwa mabaya." Mkulima akivuna sana hulisifu jembe lake, akikosa hulilaumu wingu. Wazee wetu waliijua hesabu hii, nao walituachia methali za pande zote mbili. Upande mmoja husema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Upande wa pili hujibu, "Ajali haina kinga."

Usidhani, msomaji, kuwa jambo hili ni dogo. Hesabu hiyo ndiyo iamuayo tutamsifu nani na tutamwadhibu nani, tutafanya bidii wapi na tutakata tamaa wapi. Ikikosewa na mtu mmoja, hasara huwa yake na jamaa zake. Ikikosewa na kabila zima, au na serikali yenye askari na sheria, damu humwagika na watu huondolewa katika nchi yao. Nataka tulitazame jambo hili katika historia ya nchi ya Wakipsigis, ambayo sehemu yake kubwa leo ni kaunti za Kericho na Bomet, nchini Kenya. Upande wa Konoin ni nchi ya mvua na chai. Upande wa Chepalungu ni mkavu zaidi. Mahali ambapo mvua hunyesha kwa wingi hapa na kuadimika pale, swali la nani atawalaye mambo haliwezi kukosa kuulizwa.

Lakini hatuna budi kuanzia kwa Wanandi, majirani wa Wakipsigis na ndugu zao kwa asili na kwa lugha, kwa sababu huko ndiko ulikotoka ukoo tutakaousimulia. Ukoo huo ni wa Talai, na ndani yake walitoka watu walioitwa orkoiik, mmoja wao orkoiyot. Orkoiyot aliaminiwa kuwa na uwezo wa kuona yajayo. Vijana hawakwenda vitani bila ya baraka yake, na waliporudi na ng'ombe walimpa sehemu ya mateka. Aliaminiwa pia kuwa na nguvu juu ya mvua na maradhi.

Orkoiyot mkuu wa Wanandi katika miaka iliyotangulia ukoloni alikuwa Kimnyole arap Turukat. Husimuliwa kuwa alitabiri kuja kwa wageni, na kuja kwa nyoka wa chuma atakayetema moto na moshi, akitambaa kutoka katika maji ya mashariki mpaka katika ziwa la magharibi. Lakini kabla ya nyoka huyo kufika, Wanandi walipatwa na misiba. Palikuwa na njaa, palikuwa na maradhi, na vijana wengi waliokwenda vitani kwa baraka ya Kimnyole walikufa. Mwaka 1890 watu wakamshika mzee huyo wakampiga kwa marungu mpaka akafa. Miaka 11 baadaye, mwaka 1901, reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, kando ya ziwa.

Kwa nini walimwua? Tafakari kidogo, utaona kuwa kifo chake kilikuwa tunda la heshima yake. Aliyepewa sifa ya mvua hawezi kukwepa lawama ya kiangazi. Aliyepewa sehemu ya ng'ombe kwa sababu ya ushindi hawezi kusema kuwa kushindwa si kazi yake. Watu walikuwa wameweka katika mkono wa mtu mmoja mambo ambayo mkono wa mtu haufiki, na mambo yalipoharibika waliukata mkono huo. Wala baraka haikuwa imeua vijana wale, bali silaha za adui. Wala kiangazi hakikusikiliza amri ya mtu yeyote.

Pengine wewe kijana usomaye shule utacheka na kusema kuwa hao walikuwa wajinga. Usicheke upesi. Mtaalamu mmoja Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, aliishi miongoni mwa Wazande, ambao nchi yao iko upande wa Sudan Kusini na kaskazini ya Kongo, na mwaka 1937 alichapa kitabu juu ya imani zao. Alieleza kuwa ghala la nafaka huweza kuanguka na kuwaumiza watu waliokaa chini yake kwa ajili ya kivuli. Wazande walijua vizuri kabisa kuwa mchwa walikuwa wameila miti ya ghala. Swali lao lilikuwa jingine: kwa nini lianguke saa ile ile walipokaa watu wale wale? Mchwa hueleza namna ghala lilivyoanguka, lakini hawaelezi kwa nini yule na si mwingine. Mwanadamu huchukia pengo katika maelezo, na mahali asipoona sababu huweka mtu. Tabia hiyo si ya Wazande peke yao wala ya Wanandi peke yao. Ni ya binadamu wote, na sasa nitakuonyesha kuwa hata serikali iliyojivunia elimu ilikuwa nayo.

Baada ya kifo cha Kimnyole, wanawe wawili waligombea cheo chake. Koitalel arap Samoei alibaki kuwaongoza Wanandi, naye aliuawa na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, tarehe 19 Oktoba 1905. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilege, alihamia kwa Wakipsigis akawa orkoiyot mwenye sauti kubwa miongoni mwao. Hivyo ukoo wa Talai ukapata nguvu katika nchi ya Wakipsigis wakati ule ule ambapo utawala wa Waingereza ulikuwa unaingia. Mwaka huo huo wa 1905 jeshi la serikali liliishambulia nchi ya Sotik, ambayo leo imo katika kaunti ya Bomet, kwa sababu ya ugomvi wa mifugo iliyotekwa kutoka kwa Wamaasai. Watu wengi waliuawa na ng'ombe wao wakachukuliwa.

Hata hivyo Wakipsigis hawakukoma kunung'unika, na wizi wa ng'ombe kutoka mashamba ya walowezi haukukoma. Serikali ikajiuliza: nani anayewatia watu hawa ukaidi? Majibu yalikuwa mengi, na baadhi yake yalikuwa wazi machoni pa kila mtu. Ardhi nzuri ilikuwa imechukuliwa. Malisho yalikuwa yamepungua. Kodi ilikuwa inadaiwa. Lakini jibu lililochaguliwa lilikuwa ni mtu, kisha ukoo. Mwaka 1914 Kipchomber na ndugu zake walihamishwa wakapelekwa mbali katika nchi ya Wakikuyu. Mwaka 1934 ikapitishwa sheria maalumu ya kuwaondoa Watalai katika nchi ya Wakipsigis, na kwa sheria hiyo watu wapatao 700, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, katika nchi ya joto, malaria na mbung'o. Huko walikaa miaka mingi, na ruhusa ya kurudi haikupatikana mpaka mwaka 1962, uhuru ulipokuwa unakaribia.

Sasa, msomaji, yaweke mambo mawili haya kando kwa kando. Mwaka 1890 watu wasiojua kuandika walimwua mtu mmoja kwa sababu waliamini kuwa kila msiba ulitoka kwake. Mwaka 1934 watu wenye makarani, ramani na mahakama waliuhamisha ukoo mzima kwa sababu waliamini kuwa kila ukaidi ulitoka kwao. Je, tofauti yao ni nini? Kosa la hesabu ni lile lile. Wote wawili walichukua jambo lenye sababu nyingi wakalitwika bega moja. Na serikali ilikosa zaidi, kwa kuwa ilikuwa na njia ya kuchunguza. Mtoto anyonyaye ana uwezo gani wa kuchochea wizi wa ng'ombe? Lakini naye alipelekwa Gwassi. Maumivu ya jambo hilo hayajaisha: mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao juu ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Hilo ni kosa la kumpa mwingine uwezo asiokuwa nao. Lipo kosa la pili, la kujipa mwenyewe uwezo usio wako. Nalo pia lina mfano wake katika nchi hii hii.

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, maafisa wa Kiingereza waliolemaa vitani walianzisha kampuni ya kulima pamoja karibu na Kericho. Jina lake kwa kifupi lilikuwa BEADOC. Walipewa ekari 25,000 za ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis, nao wakaamua kulima kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Wakati wa vita bei ya kitani ilikuwa imepanda sana, kwa kuwa nchi zilizokuwa zikikilima huko Ulaya zilivurugika. Maafisa hao walikuwa watu wa amri na mpango. Walikuwa wamezoea kusema neno na neno likatendeka. Lakini bei ya kitani haikuwa askari wao. Mara baada ya mwaka 1920 ilianguka, na mradi ukaanguka pamoja nayo. Hakuna aliyekosa bidii, na udongo haukukataa. Jambo lililowaangusha lilikuwa katika masoko ya mbali ambayo hawakuwa na mamlaka juu yake hata kidogo. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na James Finlay, ziliingia Kericho, na nchi ile ikawa nchi ya chai.

Wataalamu wa elimu ya nafsi, ambayo leo huitwa saikolojia, wamelichunguza jambo hili kwa vipimo. Mwaka 1966 Mmarekani Julian Rotter alieleza kuwa watu hutofautiana katika kuona chanzo cha mambo yawapatayo. Wako waaminio kuwa yawapatayo hutoka katika matendo yao, na wako waaminio kuwa hutoka kwa bahati, kwa majaliwa au kwa watu wenye nguvu. Mwaka 1975 mwenzake, Ellen Langer, alionyesha jinsi tunavyojidanganya. Watu waliuziwa tikiti za bahati nasibu kwa dola moja. Baadhi walichagua tikiti zao wenyewe, wengine walipewa tu. Baadaye wakaulizwa wangeuza tikiti hizo kwa bei gani. Waliopewa tu walitaka kama dola mbili. Waliochagua wenyewe walitaka zaidi ya dola nane. Tikiti zote zilikuwa na nafasi sawa ya kushinda. Kule kuchagua kwa mkono wao kuliwafanya wadhani kuwa mkono huo unaitawala bahati.

Baada ya kusikia hayo, mtu aweza kushauri hivi: "Basi na tuwafundishe vijana waamini kuwa kila jambo limo mikononi mwao, wapate kufanya bidii." Ushauri huo una ukweli nusu, na nusu ya pili ni hatari. Mfikirie Mkipsigis aliyechuma chai katika shamba la kampuni mwaka 1930. Aliweza kuamka alfajiri. Aliweza kuchuma vizuri kuliko wenzake. Aliweza kuweka akiba. Lakini hakuweza kupanda chai yake mwenyewe, kwa sababu serikali ya kikoloni kwa muda mrefu haikuwaruhusu Waafrika kulima zao hilo. Kumwambia mtu huyo, "Ukitaka utaweza," kungekuwa kumtwika lawama ya sheria asiyoitunga. Haitoshi kuuliza mtu anaamini ana uwezo kiasi gani. Lazima kuuliza pia ana uwezo kiasi gani kwa kweli, na ni nani aliyeuchukua uliobaki.

Uwezo uliochukuliwa kwa sheria hurudishwa kwa sheria na kwa umoja. Karibu na uhuru mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1960 ilianzishwa idara ya kuwasaidia wakulima wadogo, na mwaka 1964 ikafuatwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, KTDA. Vilima vya Bomet vikapata chai ya wenyeji, na leo viwanda kama Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek hupokea majani kutoka mashamba madogo. Mtazame mkulima wa huko, maana yeye ni mwalimu mzuri wa somo letu. Akichuma majani mawili na chipukizi lake, akaacha majani makavu na magumu, hilo ni lake. Mvua ya mawe ikiyapiga majani usiku, hilo si lake. Chai ikiuzwa katika mnada wa Mombasa kwa fedha za dola, bei huamuliwa na wanunuzi wa nchi za mbali, na hilo pia si lake. Lakini kati ya hayo mawili liko fungu la tatu, ambalo katika hesabu yetu ya mwanzo hatukulitaja. Kiwanda ni mali ya wakulima, na wakurugenzi wake huchaguliwa nao. Bonasi ikiwa ndogo, mkulima mmoja akilalamika njiani hapati kitu. Wakulima wengi wakihudhuria mkutano, wakasoma hesabu za kiwanda na kuwauliza wakurugenzi wao, wana nguvu. Yapo mambo ambayo si yangu wala si ya majaliwa, bali ni yetu.

Fungu hili la tatu lilionekana wazi mwaka 2011. Mwezi wa Septemba mwaka huo, huko Longisa katika Bomet, ulionekana ugonjwa wa mahindi ambao haukuwa umejulikana Kenya. Majani yaliingia rangi ya manjano kisha yakakauka, na mahindi yakafa kabla ya kuzaa vizuri. Mtu aliyeona shamba lake likifa hivyo angeweza kurudi katika njia ya mwaka 1890 na kumtafuta mwenye kijicho. Angeweza pia kuwa kama wale maafisa wa kitani, akapanda mahindi tena na tena kwa kuamini kuwa bidii itashinda. Njia zote mbili zisingemfaa. Wachunguzi waligundua kuwa ugonjwa huo hutokana na virusi vya aina mbili vikutanapo katika mmea mmoja, na kuwa vijidudu vidogo ndivyo huvichukua kutoka shina hadi shina. Ulikuwa umekwisha kujulikana katika jimbo la Kansas, Marekani, tangu miaka ya 1970. Dawa ya kuponya mmea ulioshikwa haikuwapo. Lakini yalikuwapo mambo ya kufanya: kung'oa mahindi yaliyougua, kutumia mbegu safi, na kuacha mahindi kwa msimu mmoja au zaidi, ukapanda maharagwe au viazi mahali pake.

Angalia vizuri shauri hilo. Vijidudu havijui mpaka wa shamba. Ukiacha kupanda mahindi wewe, na jirani yako akaendelea, ugonjwa utakaa kwake ukikungoja. Kwa hiyo ni lazima majirani wakubaliane. Wakipsigis wa zamani walikuwa na baraza la majirani, lililoitwa kokwet, ambamo mambo ya mtaa yalizungumzwa mpaka yakapata neno moja. Hata siku za nguvu za orkoiyot, kokwet lilikuwa na kazi yake. Mambo ya namna ya ugonjwa huu yanataka kikao cha namna hiyo, pamoja na maarifa ya mchunguzi.

Mwaka huo huo wa 2011 lilitokea jambo jingine lifaalo kukumbukwa. Mataifa yalitangaza kuwa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, umekwisha duniani. Sotoka ndiyo iliyowamaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, siku zile zile za Kimnyole. Wakati ule hapana orkoiyot, hapana mfalme na hapana tabibu aliyeweza kuizuia. Kisha mtaalamu Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga karibu na Nairobi, walitengeneza chanjo nzuri, na kwa miaka mingi madaktari wa mifugo na wafugaji wakaifukuza sotoka nchi baada ya nchi. Jambo lililokuwa nje ya uwezo wa binadamu liliingia ndani ya uwezo wake. Halikuingia kwa kumpiga mtu marungu, wala kwa kuwahamisha watoto wake. Liliingia kwa uchunguzi na kwa kufanya kazi pamoja.

Basi, msomaji, jifunze kuwa mpaka wa uwezo wa mtu haujachorwa mara moja kwa milele. Husogea mbele maarifa yanapozidi na watu wanapoungana. Hurudishwa nyuma sheria mbaya zinapotungwa. Kiburi huuona mbali kuliko ulipo, na woga huuona karibu kuliko ulipo. Utakapopatwa na jambo, katika masomo yako, katika shamba la wazazi wako, au siku moja katika kiti cha uongozi, usiharakishe kusema "ni mimi" wala "ni yule." Uliza kwanza sababu zote. Kisha uliza lipi ni langu, lipi ni letu, na lipi halijawa la mtu bado.

Na kabla ya kumtaja mwenye kosa, jiulize pia ni nani atakayelipa kama umekosea hesabu. Mwaka 1890 alilipa mzee mmoja kwa roho yake. Mwaka 1934 walilipa watoto ambao hata jina la kosa hawakulijua.